Angani Hakuna Kutu

Vipande mia tatu na kumi na nane,
vya kijivu, vimeshikana kwenye fremu zao
kama ndizi kwenye chane.
Kijitabu cha maelekezo ni cha Kijapani.
Kijapani sikijui. Mishale naijua.

Chini ya nyumba tuliyopanga, mtaa wa Barton, Hamilton,
ambako tanuri la kupasha nyumba hukoroma usiku kucha,
Mwanamvua alinipa meza moja na masharti mawili:
dirisha liwe wazi hata theluji ikiingia,
na harufu ya gundi isipande ngazi.

Nakata. Napiga msasa. Napuliza vumbi.
Bawa la kushoto limekubali.
La kulia kaidi, limeacha ufa mwembamba
ambao jicho halioni lakini ukucha unaunasa.
Nimeujaza, nimesubiri siku mbili,
nimeusugua kwa msasa wa maji
mpaka ufa ukasahau kuwa ulikuwa ufa.

Kisha ile kazi niipendayo, kazi ya uongo:
mgongoni nimebandika magurudumu ya kifaru
nilichokiharibu mwaka juzi,
kizibo cha dawa ya macho,
springi ya kalamu,
meno ya kitana cha marehemu baba mkwe.
Havipozi injini. Havipitishi mafuta.
Lakini jicho likivipitia linanong'ona:
humu mna mafundi, na wanajua wafanyalo.

Kutu nimejifunza hapa hapa.
Mchana nabadilisha breki za malori,
na chumvi wanayomwaga barabarani Januari
hula chuma kuanzia pindoni, chini ya rangi;
rangi huvimba kwanza, kama mtu mwenye neno,
ndipo hupasuka.
Hivyo ndivyo nilivyopaka, kwa kipande cha sponji:
kahawia, chungwa kidogo, masizi nyuma ya injini,
na michirizi ikishuka ubavuni.

Zdravko wa nyumba ya pili alikuja kuazima koleo la theluji.
Miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha chuma.
Akavaa miwani, akainama, akanusa.
"Angani hakuna hewa," akasema.
"Pasipo hewa hakuna kutu.
Na hii michirizi inashuka kwenda wapi? Huko hakuna chini."
Akachukua koleo, akapanda ngazi.

Siku nzima, chali chini ya lori, nilitafuta jibu.
Jioni nikambishia hodi:
kimewahi kutua, nikamwambia.
Kimelala nje miezi, kwenye sayari yenye mvua mbaya.
Chombo kisicho na kovu hakijatoka ghalani.
Akanitazama sana.
"Basi ongeza hapa," akasema, "karibu na mlango,
uchubue rangi. Watu hukanyaga hapo."

Usiku wa mwisho nimepitisha nyuzi za nuru
kwenye matundu ya ncha ya sindano,
madirisha arobaini na moja. Nikaunga betri.
Matatu hayakuwaka.
Yaache. Kuna waliolala, wana zamu ya alfajiri.

Na katika mwanga huo nikakiona, chini ya bawa,
chini ya rangi tabaka nne:
kidole gumba changu,
kilichogusa gundi mbichi siku sikumbuki.
Skeli ni moja kwa elfu.
Basi kidole kile ni mita ishirini,
na mistari yake ni matuta;
mtu wa humo, asiyezidi chembe ya sukari,
angeweza kupanda viazi.
Siku moja watamtuma nje kukagua bawa,
atasimama kwenye matuta hayo na taa yake,
na hatajua aripoti nini.

Nikashika msasa.
Nikauweka.

Mezani vimebaki vipande viwili
ambavyo hakuna mshale unaovielekea.
Nimevigeuza kila upande, nimehesabu upya kurasa.
Mwanamvua anaita kutoka juu: umemaliza?
Nimevitia mfukoni mwa ovaroli.