Betri Tupu

Kilo ni kilo, hunambia Solfrid
akipanda ngazi na kahawa yake.
Mimi fundi wake, nimelala chini ya bawa, nacheka.
Kilo si kilo, rubani.

Kilo ya mafuta ya ndege
itakuvusha ghuba na mlima, wewe na barua za watu.
Kilo ya kuni za mbetula,
zile alizokausha baba ukutani miaka miwili,
ina theluthi tu ya nguvu hiyo,
ila ilimchemshia supu ya samaki, ikamkaushia soksi,
ikamwachia kaa la kuwashia asubuhi.
Haidrojeni inayapita mafuta karibu mara tatu,
lakini ni mgeni mwembamba anayedai vyumba vyote vya nyumba;
ukimnyima, umbane kwa chuma.

Na hii betri mpya
tuliyoikaza jana kwa boliti kumi na nne,
kilo kwa kilo
haifikii hata sehemu ya hamsini ya mafuta.
Mota yake haipotezi, nakiri. Wala haipigi kelele:
leo ndege imeruka,
kunguru wa kwenye uzio hawakugeuza shingo.
Dakika ishirini na mbili, kisiwa cha pili na kurudi.
Kwa barua, inatosha.

Linalonikera ni jingine.
Mafuta huaga njiani, tone kwa tone,
ukatua mwepesi kuliko ulivyoondoka.
Betri haina adabu hiyo.
Imekwenda na kilo mia tisa,
imerudi na kilo mia tisa,
ndani hamna kitu
na bado unaibeba.

Solfrid alitua saa nane, theluji ikipeperuka kando.
Magurudumu yaligonga lami kwa uzito uleule.
Nikachomeka waya.
"Imeisha," akasema, akivua kofia,
"wala sikuhisi tofauti."
Nilijifanya nasoma mita.

Tangu Februari koti la baba liko msumarini kwangu.
Kuni zake zingali ukutani, sijagusa hata kijiti.

Usiku ule nilitoa vipande vitatu.
Nikavipima kwanza, mazoea ya kazi:
kilo mbili na robo.
Nikakaa navyo mpaka vikanyamaza.

Asubuhi nilizoa majivu
kwa kijiko cha chai.