Mirefu Ikae Mbele

Ukanda wangu wa maua hauzidi hatua tisa,
toka mlango wa jiko hadi birika,
chini ya ukuta wa matumbawe unaotoka chumvi
kama kwapa la shati la hamali.
Ulikuwa mchanga mtupu. Nimeulisha miaka minne:
samadi ya punda, niliyoizoa Langoni kwa karai
kabla fagio za watu hazijaamka,
maganda ya ndizi, maji ya kuoshea mchele.
Majivu, hapana. Nilikosea mara moja,
mrehani ukageuka manjano
ukanitazama wiki nzima.

Kisha nikapanda kinyume.

Bi Rukia Famau akainama kutoka darini kwake:
"Wee Mwanashee, mirefu hukaa nyuma, mifupi mbele.
Hata picha za arusi hupangwa hivyo."
Kweli. Nimo katika picha hizo,
nusu ya uso wangu imeliwa na bega la shangazi.
Mimi ni mrefu; najua nyuma kulivyo.

Lakini mirefu hii si ya kuziba.
Kuna kivumbasi, ambacho wenzangu huking'oa njiani,
vishada vyake vyembamba, nyuki mmoja kila kishada.
Na kuna ule usio na jina kwetu:
mbegu alizileta binamu yangu Shekuwe kutoka bara
ndani ya risiti iliyokunjwa mara nne.
Mara mbili ulikufa kwa jua.
Mara ya tatu niliukinga kwa kuti hadi ukazoea,
ukapanda, ukanifika kifuani,
bua tupu kama waya,
na juu kabisa zambarau, ncha ya kidole tu.
Hauna jani la kujisitiri.
Upepo hupita ndani yake bila kubisha hodi.

Mama alishona kofia za viua maisha yake yote.
Alinifunza tundu kabla ya uzi:
toboa, zungushia, kaza, toboa.
Nguo isiyo na tundu, alisema, ni jasho la mwenye kichwa.
Kiua ni tundu dogo la kofia.
Kiua ni ua dogo.
Sijui lipi lilitangulia kupewa jina.

Sindano sasa imemshinda, mkono unatetemeka.
Nimemwekea kiti penye kivuli cha mlango,
naye huutazama uwanja kupitia mabua yale,
tundu kwa tundu:
hili lina waridi wa nyuma,
hili lina ndoo,
hili lina kisigino cha mjukuu anayetoroka chuo.
"Namuona," husema, bila kupaza sauti. "Mwacheni. Namuona."

Kazi si nyingi, ila ina wakati wake.
Masika yakishika nakata vichwa;
ukikata kimoja vinarudi vinne,
na bado moyo huuma kila mwaka.
Kusi likianza nafunga kwa uzi wa kofia, si kamba,
fundo legevu, yayumbe.
Maua yakikauka nayaacha, rangi ya chai iliyopoa,
shomoro wale mbegu wakining'inia.

Ijumaa iliyopita nilichimbua shina kuu la yule asiye na jina.
Lilikuwa limezeeka katikati.
Nikalipasua kwa panga, vipande vitatu vyenye mizizi.
Kimoja nikakirudisha.
Kimoja nimekipeleka kwa baba, kichwani mwa kaburi.
Cha tatu nikakitia katika kopo la rangi,
nikaenda nikabisha kwa Bi Rukia.
"Mbele," nikamwambia. "Tafadhali. Mbele."

Leo nimepanda darini kuanika nguo,
nikatupa jicho kwake.
Amekipanda nyuma, ukutani, ubavuni mwa tangi,
nacho kimekwisha kuinama,
kinatafuta pa kuchungulia.