Safu ya Tatu

Mwisho wa mwezi nakaa na rula,
peni mbili, nyeusi na nyekundu,
na daftari kubwa la kitengo cha figo.
Daktari anataka jibu la swali moja:
kati ya wanaosafishwa damu kwa mashine
na wanaosafishwa kwa maji ya tumboni,
nani analazwa zaidi?

Nachora safu mbili.

Aminiel Kileo, wa Machame. Mashine.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Mshipa wa mkono wake wa kushoto unavuma
kama mzinga; mjukuu wake hutega sikio pale
na kutangaza, "Babu, nyuki wako wapo."
Amelazwa mara tatu.
Ya kwanza, mrija wa shingoni ulitunga usaha.
Ya pili, bima iligoma, akakosa wiki nzima,
akaletwa anahema, miguu imejaa maji,
kidole ukikibonyeza pale kinaacha shimo.
Ya tatu sihitaji kuambiwa sababu:
imeandikwa tarehe tatu Januari.

Januari wodi yetu hujaa.
Desemba watu wamerudi kihambani,
mbuzi amechinjwa, kata ya mbege inazunguka,
na nani atamnyima uso shangazi
aliyeinjika machalari tangu alfajiri?
Ndizi, tunawaambia, sasa ni adui wa moyo wako.
Tunamwambia hivyo mtu
ambaye kitovu chake kilizikwa kwenye shina la mgomba.
Anaitikia. Anaandika, hata.
Kisha tunampokea saa nane za usiku,
moyo unatapatapa
kama kuku aliyefungwa miguu sokoni Kiboroloni.

Ndekirwa Minja, mwalimu, wa Rau. Tumbo.
Mara nne kwa siku hujifungia chumbani,
hutundika mfuko kwenye msumari wa kalenda,
maji yanaingia, yanakaa, yanatoka na taka zake,
naye anasahihisha hesabu za darasa la sita.
Miezi kumi na moja: sifuri, sifuri, sifuri.
Halafu masika, bomba likatoa matope,
kengele ya shule ikamkimbiza,
na maji yakatoka tumboni meupe kama togwa.
Siku kumi na tisa kitandani.

Nikauliza, daktari, hapa niandike moja
au kumi na tisa?
Akavua miwani. "Andika zote."

Basi nimeandika zote, na bado rula inanisuta.
Maana nani hupewa mifuko ya kupeleka nyumbani?
Mwenye chumba chenye mlango,
mwenye macho, mwenye sabuni,
mwenye pa kuhifadhi maboksi thelathini yasiguswe na panya.
Wengine mashine.
Nadhani ninalinganisha tiba,
kumbe nalinganisha nyumba.

Kisha kuna majina ambayo peni inayaruka.
Apaikunda Temba. Alikuja mara saba.
Ya nane, nauli ya kutoka Tarakea.
Ya tisa, waliuza ng'ombe.
Ya kumi hakuna kilichoandikwa.
Huyu hajalazwa hata siku moja tangu Agosti.
Yeyote angesoma karatasi yangu haraka
angesema: huyu ndiye aliyepata nafuu.

Nikachora safu ya tatu kwa penseli,
haina kichwa.
Nikamwandika Apaikunda,
nikawaandika wengine watano,
na chini yao, kwa mkono mdogo,
mama yangu, ambaye hakuwahi kufika hata kwenye daftari,
aliyesema uvimbe ni uchovu wa shamba
mpaka kahawa ikaiva bila mchumaji.
Sifuri zimepangana vizuri mno.

Daktari ameinama juu ya meza:
"Na hii ya penseli?"
Nikamwambia nitaifuta.

Nje, Kileo anapanda kwenye mizani.
Kilo tatu zaidi ya uzito wake mkavu.
Nesi anamtazama. Yeye anautazama mlima,
ambao asubuhi hii umejifunua wote.
"Mtori," anakiri. "Kibakuli tu."

Sijaifuta.