Kilo Themanini na Nne

Nyuma ya jengo letu, mjini Rustavi,
pana Moskvichi ya kijani isiyo na magurudumu.
Kuku wa Tsiala ametagia humo miaka miwili.
Ya Vazha, ile gari. Ya marehemu Vazha.

Mwezi wa Machi nilimwambia kuku ahame.
Nikalala chali chini ya gari, miaka sitini na moja,
spana mkononi, kutu ikinidondokea machoni,
nikaing'oa ekseli.
Mwanangu Levan akapiga simu kutoka Poland:
"Mama, unauza vyuma?"
Nikasema ndiyo. Uongo ulikuwa mwepesi kuliko maelezo.

Saruji niliimimina katika ndoo mbili za rangi.
Ya kushoto ikazidi kilo moja na nusu,
kulikuwa na giza, sikupima vizuri.
Basi kila nikishainua mara tano
nazunguka upande wa pili, naanza upya,
mgongo usije ukajifunza upogo.

Tairi la trekta alinipa Gocha wa gereji
kwa chupa mbili za divai, bila maswali.
Mfuko wa mchanga niliushona mwenyewe,
turubai, uzi mara mbili, na bado unavuja:
popote niupelekapo, kijimstari kinanifuata.
Bomba la kichanja cha mizabibu likawa la kujivutia.
Mwezi mzima sikujivuta. Nilining'inia tu, kama soksi.

Tsiala akatoka barazani, vibiringisho kichwani:
"Mzevinar! Saa kumi na mbili asubuhi! Unajenga nini?"
"Miguu."
"Kwa umri huu, miguu ya kwendea wapi?"
Makaburini, ndiko alikomaanisha.
Lakini huko tunakwenda kwa basi. Mabasi mawili.

Miaka ishirini na sita niliendesha kreni kiwandani.
Kidole kikisogea, tani arobaini za chuma chekundu
ziliinuka kama kikombe cha chai.
Mikono yangu haikujua uzito.
Ilijua vitufe.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Waseme.
Usiku ule bafuni, kati ya beseni na ukuta,
Vazha hakuwa usufi.
Nilimshika makwapani, nikavuta,
nikavuta tena, nyayo zikateleza kwenye sabuni.
Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini.
Nilikaa sakafuni, kichwa chake kwenye taulo,
nikimwambia wanakuja, wanakuja,
naye akinitazama kwa jicho moja
kama anayenionea huruma.
Uzito wake niliusoma baadaye, kwenye kadi ya hospitali.

Oktoba. Zabibu zimekwisha kuvunwa,
chuma kinauma vidole, navaa glavu zake, zinanipwaya.
Tsiala akaja na mizani ya bafuni kwapani:
"Nimechoka kukuona unakisia."
Tukapima ekseli, ndoo, flaiwili mbili za Gocha.
Tukaongeza tofali, tukalifunga kwa kamba ya nguo.
Hapo ikatimia. Hakuuliza kwa nini namba ile.

Nikainama. Visigino vikaing'ata ardhi.
Kwanza hakuna kitu. Kisha kitu.
Magoti, mapaja, kiuno,
nikawa wima.

Tsiala akapiga kofi moja, akaacha.
Juu, ghorofa ya pili, taa ya bafuni ilikuwa inawaka,
niliisahau asubuhi.
Nikasimama nayo, kilo themanini na nne,
bila kuteleza.
Nikasimama naye.
Sikujua nimpeleke wapi.

"Mlaze," akasema Tsiala. "Taratibu."

Nikamlaza taratibu.