Kupisha

Rasimu ya kwanza aliiandika mwanasheria.
Ilisema wavamizi.
Nikalifuta neno, nikaandika wakazi,
naye akanipigia simu ya mezani, kwa upole,
akanieleza tofauti ya mtu na mtu mwenye hati.
Ya nne ilikuwa ya mhandisi:
mita kumi na tano kutoka ukingo wa Msimbazi,
herufi nene, nukta, mstari chini ya nukta.
Ya saba niliiandika mwenyewe, usiku,
mwanangu amelalia mkono wangu wa kushoto,
na hapo ndipo lilipokuja neno lenye adabu, lisilo na meno:
kupisha.
*Wananchi wa Mtaa wa Kisiwani mnaombwa kupisha mradi wa mfereji.*
Mkurugenzi akasoma, akasaini.
"Tunu," akasema, "Kiswahili unakijua."
Niliona fahari. Nasema kweli, niliona fahari.

Asubuhi tukatoka na gari la matangazo,
Kondo kwenye usukani, spika mbili juu
zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Wiki iliyopita Kondo alitangaza chanjo ya surua,
wiki ijayo atatangaza ligi ya kata,
na sauti yake kwa yote ni ile ile ya sherehe:
"Wananchi mnatangaziwaaa!"
Watoto wakatukimbilia, wakidhani tunagawa kitu.
Kwenye kona ya mashine ya kusaga
spika moja ikakoroma, ikafa.
Upande mmoja wa mtaa ulisikia *mnaombwa.*
Upande wa pili ulisikia *mradi.*
Na kuta tayari zilikuwa na X nyekundu.
Rangi ilitutangulia kusema.
Rangi haikupitia mezani kwangu.

Jumamosi, uwanja wa shule.
Viti vya plastiki vya kuazima,
mgongoni vimeandikwa jina la chama cha kuzikana.
Nilikuwa na majibu kumi na mawili, yamepigwa chapa.
Fidia, jibu la tatu. Makaburi, jibu la tisa.
Bi Sihaba hakuuliza fidia.
Alisimama, akakaza kanga kiunoni,
kipaza sauti akakisukuma kando,
na kila mtu akamsikia.

"Binti wa halmashauri, hilo neno lako.
Mimi nikikaa barazani, miguu nimenyoosha,
mpita njia akisema nipishe, naikunja.
Akishapita, nanyoosha tena.
Huko ndiko kupisha nilikofundishwa.
Sasa mkishapita ninyi na mfereji wenu,
miguu yangu nitainyoosha wapi?
Na mbona hodi hamkupiga?"

Nikatazama karatasi.
Jibu la nne halikufika. La kumi halikufika.
Mwenyekiti wa mtaa akakohoa, akaangalia saa.
Nyuma huko mtu akacheka, na si kwa utani.
Nikasema: sijui, mama.
Kwenye semina ya siku tatu Morogoro
walitukataza neno hilo.
Afisa habari hasemi sijui.
Husema: tumelipokea.

Jumatatu nikajaza ripoti.
Waliohudhuria: mia mbili na kumi na wanne.
Maswali: thelathini na moja.
Changamoto: spika.
Na chini kabisa, kwenye Mengineyo,
nikayaweka maneno yake yote,
baraza, miguu, hodi,
sikupunguza hata mkato.

Ikarudi saa nane mchana.
Pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja:
*Fupisha.*

Nimekaa nalo tangu jana.
Nimelikata kama mtoto anayejifunza kusoma,
fu, pi, sha,
na pisha nimelikuta humo humo ndani,
limekunja miguu,
linangoja tupite.
Ripoti bado haijapungua.
Simu inaita. Ni Kondo: spika imepona,
anauliza kesho tunaanzia mtaa upi.