Mfupa Mbichi

Mimi ni fundi baiskeli, Mwandiga, pale njia panda ya Kasulu.
Rimu ikipinda naizungusha mbele ya macho,
nasikiliza inapogusa, nakaza spoku huku, nalegeza kule,
mpaka izunguke kimya.
Basi siku Butoyi alipoanguka
niliutazama mkono wake kwa macho hayo hayo.

Alipanda baiskeli ya mteja, ya mbeba mawese,
mguu mmoja kaupenyeza chini ya chuma cha kati
kama wapandavyo wote wasioifikia siti.
Mteremko ukamchukua.
Breki nilikuwa nimeilegeza, sijairudisha.
Hilo nalisema mwenyewe, lisije likasemwa na mwingine.

Pacha wake, Bukuru, ndiye aliyekuja mbio,
ameushika mkono wake mwenyewe,
nikadhani ndiye aliyeumia.

Ulikuwa umepinda juu kidogo ya kiwiko cha kiganja,
kama foku iliyogonga jiwe.
Haukutoka damu. Nikashukuru, kwa ujinga.
Nikakata tyubu kuukuu, nikapanga mbao mbili za kreti,
nikakaza. Nikakaza kifundi.
Kilichotaka kukazwa nilikiacha,
kilichotaka kuachwa nikakikaza.

Usiku akalia, na si kilio cha kuanguka.
Kilikuwa chembamba, hakipumziki.
Mama yake akasogeza koroboi: vidole
vimevimba, vya baridi, rangi ya zambarau iliyoiva.
"Vichezeshe, baba."
Havikucheza.

Pikipiki ya Gwasa, saa nane za usiku, mpaka Maweni.
Tabibu Sekunda hakunigombeza.
Alichukua mkasi, akaipasua tyubu yangu toka juu hadi chini,
akakaa amekishika kidole gumba cha mwanangu,
akikibonyeza, akikiachia, akingoja wekundu urudi.
Tukangoja sote.
Ukarudi.

Asubuhi akainua picha kuelekea dirishani.
"Huu ni mfupa mbichi," akasema.
"Wangu na wako ni kuni kavu, hukatika ko!
Wa mtoto ni kijiti cha mpera:
huku umepasuka, huku umepinda tu, gome bado limeshika.
Na hapa mwishoni, unauona mstari mweusi?
Huo si ufa. Hapo ndipo unapokulia.
Ukiumia huo, mkono mmoja unaweza kubaki nyuma ya mwenzake."
Nikautazama, mwembamba kuliko spoku;
mkono wa mtu mzima umelala mle, umejikunja.

Wakampa dawa ya usingizi, wakaunyoosha.
Samaki mkunje angali mbichi, nimelisikia tangu utoto;
sikujua kuna siku ya kumkunjua.

Plasta ikaja na joto, ikapoa, ikawa jiwe.
Nami nikapewa kazi yangu: mkono ulale juu ya mto,
plasta isilowe, kijiti cha kujikunia kisiingie ndani,
na kila mara niviulize vidole:
vina joto? vinacheza? anahisi nikivigusa?
Vikipoa, vikifa ganzi, maumivu yakiikaidi dawa,
nisingoje kupambazuke.

Wiki ya kwanza niliamka mara tatu kila usiku kuvishika.
Bukuru naye alinyoosha vyake gizani.
Nikavishika.

Wiki ya sita msumeno ulilia, plasta ikafunguka kama ganda la karanga.
Mkono ukatoka mwembamba, unabambuka, unanuka.
Butoyi akaukataa: "Huu si wangu."
Kwenye picha mpya, palipopasuka pameota kinundu
kama cha mchomeleaji asiye na haraka.
Nani kachomelea? Uji? Usingizi?
Miaka kumi na tisa ya rimu, haijatokea hata moja
iliyojiponya usiku.

Plasta ile nimeitundika kibandani, kati ya cheni na tyubu.
Bukuru aliichora baiskeli kwa mkaa:
magurudumu matatu, haina breki.
Wateja huuliza, hiyo ni spea ya nini?
Haiuzwi, nawaambia,
kisha nazishika breki zao,
nazijaribu mara mbili.