Chonge

Alikuja dukani kwa Baba mwezi wa pili, mwaka wa sabini na mbili,
Burgos imeganda, mabomba yamepasuka.
Akavua glavu, kidole baada ya kidole, akasema:
"Nataka meno ya kuulia."
Baba, fundi wa meno ya wajane na makasisi,
alitazama mlango, kisha akanitazama mimi.
"Unalipa kabla?"

Jina lake Casilda Berrueco. Kwenye mabango alikuwa na jingine,
la Kijerumani, ambalo mwenyewe alikosea kuliandika.
Nilimshika kidevu, nikamjaza plasta kinywani,
nikahesabu hadi mia. Machozi yalimtoka; hakutikisika.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
sijawahi kugusa uso wa mwanamke asiye wa ukoo wetu.

Chonge mbili za akriliki. Nilizisugua usiku kucha,
nikazijaribu kwenye tofaa, kwenye mkanda wa Baba,
na, niseme tu, kwenye kifundo changu cha mkono.

Wakanichukua hadi kwenye magofu ya monasteri, zisije zikalegea.
Kumbe usiku wa sinema hupigwa saa sita mchana,
kioo cha buluu mbele ya kamera!
Malkia wa giza akababuka pua kwa jua la Juni.
Damu ilikuwa sukari iliyochemshwa na rangi;
nyigu wakamwandama kaburi hadi kaburi.
Jeneza la kuazima. Lirudi Alhamisi, walisema,
mjini kuna mtu amekufa kweli.

Na chonge zangu zilimtia kithembe.
Kila "nakupenda" ilitoka na mate.
Madrid wakamtafutia sauti ya mwanamke mwingine,
nzito, yenye moshi,
akabaki na mdomo tu.

Kigingi kilikuwa mguu wa kiti.
Bwana mwenye saa ya mnyororo alimchoma mara tatu,
kwa kuwa mara mbili alisimama nje ya picha.
"Filamu kumi na moja," aliniambia, akijifuta kifua kwa gazeti,
"vifo kumi na kimoja.
Hakuna aliyeandika ninafanya nini Jumatatu."

Filamu ilipofika kwetu, Mama alijifunika mtandio,
akaacha tundu la jicho moja.
Wanaume walicheka kwa nguvu, kisha wakarudi makwao kwa makundi.
Mimi niliona kazi ya mikono yangu ikizama shingoni mwa mtu
na nikaona kosa:
ya kushoto imezidi. Nusu milimita.
Sikumwambia mtu. Baba alikufa hajui.

Wiki iliyopita mlango uligongwa kwa fimbo.
Nimestaafu, lakini mashine sijaiuza.
Kidevu kilekile. Fizi tupu.
Plasta siku hizi ni ya waridi, ina ladha ya mnanaa,
na sekunde sitini zinatosha;
nikahesabu hadi mia.

"Zamani nilitaka ya kuulia," alisema, kithembe kimerudi chenyewe.
"Sasa nataka ya kulia. Mkate, nyama kidogo,
na mlozi Krismasi ikifika."
Akashika fimbo. Akafika mlangoni. Akageuka.
"Ila ya kushoto," akasema, "iache kama ilivyokuwa."

Ni saa nane ya usiku.
Nasugua.